Mringaringa shambani: mwongozo kamili wa kupata shina lililonyooka, kuanzia kokwa hadi mbao

Mringaringa ni mti wa nyanda za juu unaokua haraka kuliko miti mingi ya kiasili inayotoa mbao za fanicha, unaopukutisha majani kiangazi kinapokaza, na unaochanua maua meupe kwa wingi kiasi cha kuonekana kutoka mlima wa pili. Katika Kakamega na Vihiga, magharibi mwa Kenya, wengi huujua kwa jina la mukomari, Wakipsigis huuita samutet, Wakikuyu wa Nakuru huuita muringa, na ng'ambo ya mpaka Waganda huuita mukebu na kuchonga ngoma zao kwa gogo lake. Jina lake la kitaalamu ni Cordia africana. Baadhi ya maandishi ya zamani huutaja kama Cordia abyssinica, na anayeagiza mbegu ajue kwamba ni mti uleule.

Wakulima wengi walioupanda wameishia kupata kivuli na kuni tu, kwa sababu mringaringa ukiachwa ujikulie wenyewe hugawanyika mapema. Shina likifika kimo cha kifua cha mtu huzaa panda mbili au tatu, kila panda hujipinda upande wake, na sehemu inayobaki chini haitoshi hata ubao mmoja wa meza. Seremala hanunui panda. Anachonunua ni zile mita tatu au nne za kwanza kutoka ardhini, zikiwa zimenyooka, hazina vifundo vikubwa wala kidonda kilichooza ndani, na mita hizo huamuliwa katika miaka michache ya mwanzo, wakati mti bado unaweza kupindishwa kwa mkono. Hatua zote zinazofuata, hata ile ya kuchagua mbegu, zimeelekezwa kwenye mita hizo.

Mahali panapoufaa

Mti huu hustawi zaidi kati ya mita 1,200 na 2,000 juu ya usawa wa bahari, penye mvua ya milimita 700 hadi 2,000 kwa mwaka, ingawa huonekana pia chini na juu ya mipaka hiyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya Kakamega, Vihiga, Bungoma, Nandi, Kisii na Kericho inaufaa, pamoja na Bahati na Subukia katika kaunti ya Nakuru. Molo na Mau Narok ni kwingine. Huko juu, ambako sakitu huunguza viazi, mche mchanga wa mringaringa huunguzwa vilevile, na mkulima wa huko atapata faida ya haraka zaidi kwa kupanda mti unaovumilia baridi.

Udongo unaoupendeza ni ule mwekundu, wenye kina na usiotuamisha maji. Katika uwanda wa Kano na maeneo mengine ya Kisumu yenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaofurika wakati wa mvua, usiupande bondeni. Tafuta sehemu iliyoinuka au kichuguu cha zamani, kwani mizizi yake haipendi kulala ndani ya maji. Kando ya mto unakua vizuri, mradi iwe ni juu ya ukingo na si penye kinamasi.

Kupanga mahali kabla ya kutafuta mbegu

Ni kawaida kusikia kwamba mti unaopukutisha majani hauna madhara kwa mazao. Kauli hiyo ni kweli kwa baadhi ya miti tu. Mgunga mweupe, ule wa maeneo makavu unaojulikana kitaalamu kama Faidherbia albida, huacha majani yake mvua inapoanza, na ndiyo maana mahindi hustawi chini yake. Mringaringa hufanya kinyume: huwa mtupu wakati wa ukame na hufunga majani mapana, ya urefu wa kiganja na zaidi, wakati uleule ambapo mahindi yanahitaji jua. Anayeutapanya katikati ya shamba la mahindi na kuusahau atapoteza mahindi yaliyo chini ya kila mti.

Mahali pake hasa ni penye mazao yanayovumilia au yanayohitaji kivuli chepesi. Katika kahawa uweke umbali wa mita 10 kwa 10, ambao unatoa takriban miti 40 kwa ekari, na majani yake yanayodondoka kiangazi hugeuka matandazo juu ya mizizi ya kahawa wakati ambapo unyevu ni adimu. Migomba nayo hukaa naye vizuri. Katika boma la ng'ombe au kwenye malisho, mti mmoja mmoja hutoa kivuli cha mchana bila kuua nyasi.

Kwa mwenye shamba dogo, mpakani ndipo pazuri zaidi. Ekari moja iliyo mraba ina pande za takriban mita 64, yaani mzunguko wa karibu mita 254, hivyo ukiacha mita 5 kati ya mti na mti utapata nafasi ya karibu miti 50 bila kugusa katikati ya shamba. Zungumza na jirani kwanza, na uupande ndani ya upande wako kwa mita mbili au zaidi, kwa sababu matawi yake hutanuka sana na kivuli hakijui beacon ya mpaka. Usiuweke chini ya nyaya za umeme, wala karibu na nyumba, ambako utalazimika kuukata kichwa kila mara.

Kanuni za Misitu Mashambani za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya kilimo ya wakati huo, zilimtaka mwenye shamba awe na miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi yake. Mstari wa mpakani pamoja na miti michache ya bomani husaidia sana kulifikia lengo hilo.

Mimi sipendekezi kuupanda kwa kubananisha kama mikaratusi. Wakulima wengine hufanya hivyo wakitumaini kwamba msongamano utaunyoosha, na kweli hunyooka kidogo, lakini taji lake ni pana na huhitaji mwanga. Miti iliyobanwa hubaki myembamba kwa miaka mingi, na mkulima huona uchungu kuipunguza inapofika wakati wa kupunguza.

Kuchagua mti mama na kuvuna kokwa

Watu wengi huokota kokwa chini ya mti ulio karibu na nyumba, na mara nyingi mti huo ni mfupi wenye panda nyingi, kwa kuwa mirefu iliyonyooka ilishauzwa zamani. Upindo wa shina hutokana kwa sehemu na malezi na kwa sehemu na ukoo, na sehemu ya ukoo hairekebishwi kwa msumeno. Tembea, uliza wazee, angalia kingo za mito na mashamba ya zamani ya kahawa, mpaka upate miti yenye shina refu kabla ya panda ya kwanza, yenye afya na isiyo na matundu ya wadudu. Chukua kokwa kutoka kwa miti kadhaa iliyo mbalimbali, ili miche yako isiwe yote ya mama mmoja.

Matunda yaliyoiva huwa ya rangi ya njano inayoelekea chungwa, laini, yenye utomvu mtamu unaonata kama gundi. Vuna yale yaliyo mtini kwa kutikisa tawi juu ya turubai, au okota yaliyodondoka siku chache zilizopita. Yaliyokaa chini muda mrefu huwa yameshatobolewa. Ndani ya kila tunda kuna kokwa moja ngumu, na ndani ya kokwa hiyo kunaweza kuwa na mbegu moja hadi nne.

Utomvu ndio kero. Loweka matunda kwenye ndoo ya maji usiku mmoja, yasugue kwa mchanga mkavu wa mtoni, suuza, kisha urudie kwa mchanga mpya mpaka kokwa ziache kushikana. Zile zinazoelea mara nyingi ni tupu, zitupe. Anika zilizobaki kivulini kwenye wavu au gunia, zigeuze kila siku, na zikishakauka kabisa zihifadhi kwenye chombo kinachofungika vizuri, mahali pa baridi. Zikiwa kavu na safi huweza kukaa mwaka mmoja na zaidi bila kuharibika, jambo linalomwezesha mkulima kupanda kwa kalenda yake na si kwa kalenda ya mti.

Asiyepata mti mama mzuri anaweza kununua mbegu kutoka Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, yenye makao makuu Muguga na vituo Maseno na Londiani, ambavyo ni karibu zaidi kwa msomaji wa Kisumu au Nakuru. Piga simu kabla ya kufunga safari, kwa kuwa mbegu za miti ya kiasili huisha.

Kitaluni

Hesabu nyuma kutoka siku unayotaka kupanda shambani. Mvua ndefu huanza Machi magharibi mwa Kenya na mara nyingi Aprili upande wa Nakuru. Miche inahitaji miezi minne hadi sita kitaluni baada ya kuota. Na kokwa huchukua siku 40 hadi 60 kuota. Maana yake ni kwamba anayetaka kupanda mwishoni mwa Machi anapaswa kuatika kokwa kati ya Agosti na mwanzo wa Septemba. Wengi huanza Januari, na miche yao huwa tayari mvua ikiwa inaondoka.

Tayarisha tuta la kuatikia lenye upana wa mita moja, lijaze mchanga wa mtoni uliooshwa na kuchanganywa na udongo kidogo wa msituni, na ulimwagilie siku moja kabla. Kokwa hazihitaji kuchemshwa wala kukwaruzwa. Kuziloweka katika maji baridi usiku mmoja kunatosha. Zipande kwa mistari, kina cha sentimita 2, zikiachana sentimita 5, kisha funika tuta kwa nyasi kavu na ujenge kichanja cha kivuli juu yake. Mwagilia asubuhi na jioni kwa keni yenye matundu madogo.

Baada ya hapo ni kungoja, na hapa ndipo vitalu vingi vya mringaringa hufia. Wiki ya tatu inapita, ya nne inapita, tuta li tupu, na mwenye kitalu anaacha kumwagilia au analima tuta apande sukuma. Usiliguse tuta kabla ya wiki ya kumi. Kuota kwake hakuendi kwa pamoja: machache hutangulia, mengi hufuata, mengine huchelewa, na kama kokwa zilikuwa nzuri zaidi ya nusu zitaota.

Mara nyingi utaona miche miwili au mitatu ikitoka kwenye kokwa moja. Ihamishe ikiwa na majani mawili ya kweli, ukiitenganisha kwa uangalifu kwa kijiti, ukiishika kwa jani na kamwe si kwa shina, na uitie kwenye viriba vya kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa sentimita 20 au zaidi. Mchanganyiko wa udongo uwe sehemu tatu za udongo wa msituni au udongo wa juu wenye rutuba, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa na sehemu moja ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi. Miche iliyohamishwa ikae chini ya kivuli kizito kwa wiki mbili, kisha kivuli kipunguzwe pole pole.

Kila baada ya wiki tatu au nne, inua viriba na ukate mizizi iliyotoka chini kwa wembe au waya mwembamba, la sivyo mzizi mkuu utaingia ardhini na siku ya kuing'oa utaukata wote. Majani mapana yakianza kufunikana, achanisha viriba. Wiki nne kabla ya kupanda, ondoa kivuli chote na upunguze maji kuwa mara moja kwa siku na baadaye siku moja kwa mbili, ili mche uzoee shida ya shambani ukiwa bado mbele ya macho yako. Mche ulio tayari una urefu wa sentimita 30 hadi 40 na shina gumu lenye unene wa penseli. Wenye panda tayari usiupande mpakani. Uweke kando kwa ajili ya kuni.

Kutumia maotea

Chini ya miringaringa mikubwa huota miche yenyewe, hasa mwanzoni mwa mvua, na kuihamisha ni njia halali na rahisi. Chagua yenye urefu usiozidi shubiri, ing'oe ardhi ikiwa imelowa pamoja na bonge la udongo, na ukate kila jani nusu yake, kwa sababu majani ya mti huu ni mapana na hupoteza maji haraka kuliko mizizi iliyojeruhiwa inavyoweza kuyarudisha. Itie kwenye viriba kwanza kwa miezi miwili. Kuitoa chini ya mti na kuipeleka moja kwa moja shambani hufaulu tu pale mvua isipokatika kwa wiki kadhaa. Na sharti la mti mama linabaki palepale: maotea ya mti mpinda ni wana wa mti mpinda.

Siku ya kupanda

Chimba mashimo wiki tatu kabla ya mvua, ya upana na kina cha futi 2, ukiweka udongo wa juu upande mmoja na ule wa chini upande wa pili. Mvua ikishalowesha ardhi hadi kina cha mkono, changanya udongo wa juu na nusu debe ya samadi iliyooza na uurudishe kwanza. Chana kiriba, kitoe chote, panda mche kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni, na ukandamize kwa kisigino. Udongo wa chini utumike kujenga kingo ndogo ya kuzuia maji upande wa mteremko.

Ng'ombe na mbuzi huyapenda majani yake, na mche ulioliwa ncha ndio unaotoa panda. Ukingo wa miiba au wa mianzi iliyopasuliwa kuzunguka kila mche, kwa miaka miwili angalau, si anasa kwa mti huu; ni sehemu ya kazi ya kunyoosha shina. Palilia mzunguko wa mita moja, weka matandazo yasiyogusa shina, na penye mchwa usitumie mabua makavu ya mahindi kama matandazo, kwa kuwa huwaalika. Jivu la jikoni likizungushwa kwenye mche husaidia kwa muda, lakini mvua hulisomba na lazima lirudishwe.

Miaka minne ya kunyoosha shina

Mwaka wa kwanza usikate majani wala vijitawi vidogo vya pembeni. Ndivyo vinavyounenepesha mche. Kazi yako ni moja: kuhakikisha kuna ncha moja tu inayoongoza. Pitia miti yako kila mwezi wa mvua, na ukiona ncha mbili zinashindana, chagua iliyonyooka na yenye nguvu, kisha ikate nyingine ikiwa bado laini. Ncha iliyochaguliwa ikielekea kuinama, ifunge kwa kamba ya mgomba kwenye mti wa kuegemea, bila kuikaza, na uifungue baada ya miezi mitatu kabla kamba haijaingia kwenye gamba.

Mwaka wa pili, kabla ya mvua ndefu, mkague kila mti kwa haki. Ule ulionyooka uendelee. Ule uliopinda vibaya, ulioliwa na mbuzi au uliojigawa chini, ukate wote kwa msumeno mkali, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, mkato ukiwa wa mshazari ili maji yasitue juu yake. Wakulima huona hatua hii ni ukatili, ilhali mringaringa huchipua kwa nguvu kutoka kisikini, na mizizi iliyokwisha kujengwa kwa mwaka mzima husukuma chipukizi refu na lililonyooka kwa msimu mmoja. Machipukizi yakifika urefu wa goti, bakiza mawili yenye nguvu yaliyo karibu na ardhi. Yakifika kiuno, bakiza moja. Mti uliokatwa hivi mara nyingi huwafikia wenzake ambao hawakuguswa, na shina lake huwa bora.

Kuanzia mti unapofika mita 3, anza kuondoa matawi ya chini, lakini usivuke theluthi moja ya kimo chake kwa mara moja. Mti uliovuliwa matawi mpaka juu, kama wengi wafanyavyo wakitafuta kuni za haraka, hubaki na kichwa kizito juu ya shina jembamba, huinama kwa upepo, na hutoa machipukizi mengi kwenye shina lote. Nusu ya juu ya mti ibaki na majani daima. Mwaka wa tatu na wa nne endelea kuondoa matawi juu zaidi, hatua kwa hatua, hadi shina liwe tupu kwa mita 3, na penye udongo mzuri mita 4.

Namna ya kukata ni muhimu kama wakati wake. Penye tawi huwa kuna uvimbe mdogo unaolizunguka kwenye shina. Kata nje kidogo ya uvimbe huo, usiujeruhi na usiache kisiki cha tawi. Kisiki kilichoachwa hukauka, huoza, na uozo hushuka hadi ndani ya shina, ambapo utaonekana miaka 20 baadaye kama tundu jeusi katikati ya ubao. Tawi nene likatwe kwa mikato mitatu: wa kwanza kutoka chini, nusu ya unene, mbali kidogo na shina, wa pili kutoka juu, mbele zaidi, ili tawi lidondoke bila kuchana gamba, wa tatu wa kusafisha kwenye uvimbe. Tumia msumeno wa kupogolea. Panga lina kazi nyingi shambani, lakini hii siyo mojawapo.

Pogoa mwishoni mwa kiangazi, mti ukiwa mtupu au karibu na kuwa mtupu, kwa sababu wakati huo umbo lote linaonekana na kidonda hufungwa mara mvua inapoanza. Upogoaji wa Februari unasaidia pia mahindi yaliyo jirani, kwa kuwa kivuli kinakuwa kimepunguzwa kabla mbegu haijaota. Miti ikishapanda juu, angalia pia mimea kimelea inayoota kwenye matawi, ile yenye majani yasiyofanana na ya mti wenyewe na inayobaki kijani wakati mti ni mtupu. Ikate pamoja na sehemu ya tawi iliyoshikilia, sentimita 30 chini ya pale ilipoungana.

Mazao kabla ya mbao

Matawi yaliyopogolewa ni kuni nzuri zinazoshika moto, na majani yake hulishwa ng'ombe na mbuzi wakati nyasi za nepia zimekauka, yakiwa nyongeza na si chakula kikuu. Majani yanayodondoka huoza haraka. Yakusanye uyaweke chini ya kahawa na migomba.

Maua ndiyo mazao ambayo wengi huyapuuza. Mringaringa uliochanua huvuma kwa nyuki kuanzia asubuhi, na mizinga iliyowekwa mita chache kutoka mstari wa mpakani, ikielekezewa mbali na njia ya watu na mifugo, hufaidika msimu wote wa maua. Usinyunyize dawa ya wadudu kwenye mazao yaliyo jirani wakati miti imechanua. Ikibidi, nyunyiza jioni nyuki wakiwa wamerudi. Matunda yaliyoiva huliwa na watoto na ndege, na utomvu wake umetumika kama gundi.

Kukata, kupasua na kukausha

Penye udongo na mvua nzuri mti hufikia mita 7 hadi 8 kwa miaka saba, na hapo ndipo wanunuzi huanza kubisha hodi wakitaja bei ya gogo lililosimama. Kabla ya kukubali, fanya hesabu hii. Gogo la mita 3 lenye kipenyo cha sentimita 20 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.09, gogo la urefu uleule lenye kipenyo cha sentimita 40 lina takriban 0.38, yaani mara nne, na zaidi ya hayo ndilo linalotoa mbao pana za inchi 10 na 12 ambazo mafundi wa fanicha hutafuta. Mti mwembamba pia una sehemu kubwa ya mbao ya nje, iliyo nyeupe na inayoshambuliwa na dumuzi wa mbao, na sehemu ndogo ya kiini chenye rangi ya kahawia iliyochanganyika na wekundu, ambacho ndicho chenye thamani. Miaka 20 hadi 30 ni umri wa kufikiriwa, na kipenyo ni mwamuzi bora kuliko umri.

Anza na karatasi. Miti ya shambani ni mali ya mwenye shamba, lakini magogo au mbao haziwezi kusafirishwa barabarani bila kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, kwa mujibu wa sheria inayoongozwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016. Nenda kwa ofisi ya misitu ya eneo lako kabla ya pawaso, yaani msumeno wa mashine, kuwashwa, uulize pia masharti ya kaunti, na usiruhusu mnunuzi akuambie kwamba yeye atashughulikia kila kitu, kwa maana jina la shamba litakaloandikwa ni lako.

Kata mti wakati wa kiangazi, chini kadiri inavyowezekana, na mkato wa mwisho wa kisiki uwe wa mshazari. Kisiki kitachipua tena na utakilea kama ulivyolea miti ya mwaka wa pili. Gogo lisilale shambani mwezi mzima, kwa kuwa wadudu huanza na mbao ya nje mara gamba likilegea. Likipasuliwa kwa pawaso, mnyororo hula karibu sentimita 1 kila unapopita, hivyo kwa kila ubao wa inchi moja unageuza vumbi zaidi ya theluthi ya unene wake. Pale ambapo barabara inaruhusu, kulipeleka gogo kwenye mashine ya kupasulia ni nafuu kuliko inavyoonekana kwenye bei ya kupasua.

Panga mbao kivulini, chini ya paa lakini penye upepo, juu ya matofali au magogo yaliyoinuka futi moja kutoka ardhini. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya inchi moja, vikiwa vimenyooka wima kimoja juu ya kingine kila baada ya nusu mita, kwa sababu kijiti kilichokaa kombo ndicho kinachopinda ubao. Paka rangi ya mafuta iliyobaki au nta kwenye ncha za mbao ili zisipasuke, na weka mawe juu ya safu ya mwisho. Mbao za inchi moja ziache miezi mitatu au zaidi, ukipima moja kila wiki mbili kwa mizani ya sokoni: uzito ukiacha kupungua, zimekauka.

Mbao yake ni nyepesi kuliko ya mvule na nyepesi zaidi kuliko ya musharagi, ule mti mgumu wa jamii ya mzeituni, hupigwa randa bila kusumbua, hushika misumari na gundi, na ikisuguliwa kwa msasa laini na kupakwa vanishi hutoa mng'ao mzuri. Kiini chake hustahimili mchwa kwa kiasi cha kutosha kwa milango, madirisha, makabati, vitanda na meza, lakini si kwa nguzo za kuchomekwa ardhini. Ukipeleka mbao kwa mafundi wa soko la Kibuye mjini Kisumu au wa Nakuru mjini, tenganisha kwanza za kiini tupu na zile zenye ukanda mweupe, na uziuze kwa bei mbili. Zikichanganywa, zote huuzwa kwa bei ya zile mbaya. Zenye ukanda mweupe zitumie mwenyewe kwa mizinga ya nyuki na rafu za stoo, ambako rangi haina kazi.